Umekuja Kukaa, au Wapita Tu?

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kisauni, mtoto mchanga akilia siku tatu mfululizo na hospitalini wakasema hana ugonjwa, alipelekwa chumba cha uani kwa Hawe Kadzo. Hawe ni nyanya kwa Kigiriama, lakini huyu alikuwa nyanyake baba yangu. Alikuwa mkongwe hivi kwamba hata baba mdogo Karisa, mwenye nyumba, mtu mzima na kitambi chake, alikuwa mjukuu kwake.

Iliaminika kwamba mtoto wa namna hiyo analilia jina. Mmoja wa koma, yaani wazee wetu waliokufa, anataka kuitwa tena, na mtoto hatanyamaza mpaka ajulikane ni nani. Hawe alikuwa akimpakata mtoto na kuwaita mmoja mmoja. "Ni wewe Mwaro, uliyekuja kwa miguu ukiburura ng'ombe kipofu? Ni wewe Nyamvula, uliyewaficha watoto wa dadako ghalani mwaka wa njaa?" Hakuwa na daftari. Hakujua hata kuandika jina lake. Lakini kila jina lilikuja na mtu wake, na kila mtu na alilolitenda, jema au la aibu. Akilifikia jina lenyewe, mtoto alinyamaza. Ndipo Hawe alipomwuliza, na maneno yalikuwa yale yale siku zote: "Umekuja kukaa, au wapita tu? Kaa. Uji upo."

Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nikishinda kwake. Nilimsaidia kubangua korosho alizozichoma uani na kuziuza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa korosho wa miaka mingi. Nalitaja hilo kwa sababu macho hayo yalikuja kugeuzwa ushahidi.

Mwaka huo baba mdogo alipata mtoto wa kiume, naye akalia. Mkewe ndiye aliyemleta uani, kwa haraka, kitenge kimemfunika mpaka puani, kwa kuwa kanisani kwao walikatazwa mambo hayo. Mimi nilikuwepo na sinia langu la korosho. Mtoto alinyamaza kwenye jina la Chengo.

Hawe alicheka. "Chengo alikuwa mbishi huyu. Mtamwona wenyewe."

Akamwuliza maneno yake, akamrudisha kwa mamake. Miezi minne baadaye mtoto alishikwa na homa, na siku ya pili akafa.

Baada ya maziko baba mdogo aliwakusanya jamaa uani, mchana, viti vya matanga vikiwa bado havijarudishwa. Akaniita mbele yao.

"Sidi."

"Abee."

"Siku ile mtoto wangu alipoletwa kwa Hawe, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alimwambia nini?"

"Alimwuliza, umekuja kukaa, au wapita tu."

"Basi. Inatosha."

Haikutosha. Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Yalibaki maneno matatu tu, kaa, uji upo, nami nikayameza kwa sababu mtu mzima amesema basi. Nilikuwa nimefundishwa adabu. Miaka kumi sasa nimekuwa nikiichukia adabu ile.

"Mwasikia?" alisema shangazi mmoja. "Alimwuliza kama apita, naye kweli akapita."

"Na yatazameni macho hayo," akasema mwingine.

Hawe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Hakulia wala hakuapa. "Karisa," alisema, "nawe nilikuuliza hivyo hivyo. Ulikuwa ukilia kama mbuzi wa kuazimwa. Mbona hukupita?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Baba mdogo hakucheka. Baba yangu, ambaye Hawe ndiye aliyemlea, alikuwa akivitazama viatu vyake. Alisema, "Tutaona," na hilo ndilo lililokuwa neno lake lote.

Hawakuona chochote. Siku ya tatu Hawe alipandishwa kwenye pikapu pamoja na godoro lake na karai lake la korosho, akapelekwa kwa mpwa wake huko Ganze. Tuliambiwa tumshukuru baba mdogo kwa upole wake, kwa maana kwingine wazee huitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa sababu ya mvi tu. Kabla ya mwezi kwisha chumba cha uani kilikuwa na mpangaji na pazia jipya. Sikuwahi kumwona Hawe tena. Alipokufa, tulipata habari baada ya wiki mbili.

Watu hupenda kusema kwamba sisi wa pwani tunawaheshimu wazee. Nimechoka kulisikia. Tunawaamkia shikamoo, tunawabusu mikono, na siku tunapohitaji wa kulaumiwa tunawahesabia mvi.

Mimi sasa nina miaka kumi na minane. Shule niliiacha kidato cha pili, mama alipoishiwa nguvu za miguu, na nauza viazi karai badala yake. Mwezi uliopita, alasiri, baba mdogo alikuja akasimama mbele ya karai langu. Amepata mtoto tena, wa kike, na mke yule yule, baada ya miaka mingi ya kungoja.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Sidi, mtoto halali. Tumezunguka hospitali zote." Alitazama mafuta yakichemka. "Wewe ulikuwa ukishinda na Hawe. Yale majina wayakumbuka?"

Nilitaka kumwambia nenda kanisani kwenu. Lakini mtoto hakumpandisha mtu kwenye pikapu. Nilivua aproni, nikamwachia jirani viazi, nikamfuata.

Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Nilimpakata nikawaita: Mwaro, Nyamvula, Tsuma, Mbodze, Chengo. Nilipomtaja Chengo, mamake aligeuza uso ukutani. Nilifika kumi na moja. Mtoto alikuwa bado akilia.

"Hayo tu?" aliuliza baba mdogo.

"Hayo ndiyo niliyoyashika. Hawe alikuwa na zaidi ya arobaini. Mengine uliyapakia kwenye gari."

Aliufunga mlango.

"Na liko moja jipya," nilisema. "Amekufa naye, sasa ni koma kama wao. Unalijua. Litaje wewe."

Alilijua. Mkewe alimtazama, nami nikamtazama, na yeye akalitazama dirisha la uani lenye pazia la mpangaji. Hakulitaja jina.

Nami sikumsaidia. Ningeweza kulisema mwenyewe, labda mtoto angenyamaza, labda asingenyamaza. Badala yake niliinama nikamnong'oneza yale ya Hawe, yote, safari hii bila kukatizwa: "Umekuja kukaa, au wapita tu? Kaa. Uji upo." Nikamrudisha mikononi mwa mamake, nikatoka. Kilio chake nilikisikia mpaka njiani.

Mtoto yu hai, anaendelea kukua, na wamemwita jina walilolipata kwenye simu. Mimi sijui kama waliokufa hulilia majina. Ninalojua ni kwamba alikuwepo mtu aliyejua Nyamvula alifanya nini mwaka wa njaa, nasi tukamfukuza, na hakuna ofisi wala kaburi litakaloturudishia aliyoyajua. Nimenunua daftari. Nimewaandika kumi na mmoja, kila mmoja na habari yake, na wa kumi na mbili ni Kadzo, aliyechoma korosho. Habari yake ndiyo ndefu kuliko zote, kwa sababu nimeandika humo nani aliuliza, nani alijibu nusu, na nani alivitazama viatu vyake.