Nyimbo za Chau Zilizobaki Kwenye Simu Yangu

Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi tumalizane, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatishwa. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, kwenye kibaraza changu, Jumapili mchana na jua linawaka. Sikuota. Sikuwa na homa. Pombe sinywi, waulizeni majirani zangu, ingawa hao ukiwauliza moja watakujibu kumi.

Chau mnamjua. Jina la nyumbani Chausiku, mtoto wa Mgeta, kule juu Uluguru kwenye baridi na makabichi. Mimi mlikuwa hamnijui, na hilo ndilo lilikuwa donda langu. Miaka tisa nilisimama nyuma yake jukwaani, hatua mbili kushoto, nikimwitikia. Ile sauti nyembamba mnayoigiza bafuni kwenye viitikio vyake ni yangu. Kuna aliyewahi kuuliza ni ya nani? Hakuna. Picha zikipigwa, mimi ndiye ninayeonekana bega.

Sasa sikilizeni jinsi alivyokuwa anafanya kazi, maana hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Chau hakujua kupiga ala yoyote. Wimbo ulikuwa unamjia akiwa anamenya viazi au anasubiri maji yachemke, na kwa kuwa alikuwa na kichwa cha kusahau, alikuwa anashika simu anauimba hapo hapo, ananitumia mimi. Kila mara maneno ni yale yale: "Dada, nishikie huu usinipotee." Nami nilikuwa namshikia. Siku ya studio ikifika namkumbusha, tunaurekodi vizuri, basi. Alipofariki, simu yangu ilikuwa na nyimbo thelathini na moja ambazo hazijawahi kutoka.

Alikufa kwa homa ya siku nne. Siku nne tu, jamani. Tulimzika kwao, ukungu umeshuka mpaka huoni aliyesimama upande wa pili wa kaburi. Nililia mpaka nikakosa nguvu, na sitaki mtu aje aniambie sikumpenda.

Baada ya kaburi kufukiwa, mjomba wake akasimama. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Akasema kama inavyosemwa kwenye misiba yetu yote: "Kama kuna mtu ana kitu cha mtoto wangu, amekishika au amekihifadhi, aje kwetu aseme. Tusimzike nusu."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo, simu ndani ya mkoba, mkoba kwapani. Nikanyamaza. Nilijiambia anauliza vyombo, anauliza cherehani, anauliza vitenge alivyoazimisha watu. Sauti si kitu, nilijiambia, sauti ni upepo tu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuzitamani.

Haukupita mwezi, mashabiki wakanigundua. Chau mwenyewe aliwahi kusema redioni kwamba nyimbo zake mpya zinatunzwa na dada anayemwitikia, na wao walikuwa wamekumbuka. Wakaanza kuja. Wengine walitoka Mzumbe chuoni, wengine walipanda treni kutoka Ngerengere, wanakaa kwenye benchi langu kama wagonjwa wa zahanati. "Shikamoo dada. Tunaomba tusikie hata kidogo tu." Kiongozi wao alikuwa Madam Pendo, mwalimu wa sekondari pale Kihonda, ana kundi la WhatsApp la watu zaidi ya mia mbili. Huyo Pendo ndiye mtu wa kwanza kunitambulisha mbele za watu kwa jina langu kamili. Nilivimba kichwa, nidanganye ili iweje?

Tukapanga tamasha la kumbukumbu. Ningeimba nyimbo tatu kati ya zile, na safari hii nasimama mbele, kipaza sauti changu mwenyewe. Kwa umri wangu nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Nikamtumia Pendo wimbo mmoja aonje. Alasiri hiyo hiyo ulikuwa umeshafika kwenye kundi zima, watu wanalia, wanajirekodi wakiuimba, wananiita mama.

Jumapili moja, tamasha limebakiza wiki mbili, nilikuwa kibarazani nachambua mchele huku najifunza wimbo wa pili. Nikasikia hodi. Ilikuwa kama saa tisa mchana.

Akaingia msichana amejifunga kitenge cha kijani, miguu imejaa tope jekundu mpaka kwenye vifundo. Hapa Bigwa mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Nikaangalia mlimani, kweli juu kulikuwa na wingu, nikasema huyu katembea. Uso wake sikuujua. Na niaminini, nimejaribu sana baada ya siku ile kuukumbuka: kitenge naweza kuwachorea maua yake yote, uso siuoni.

"Karibu mdogo wangu. Umetokea wapi?"

"Juu," akasema, akinyanyua kidevu kuelekea mlimani.

"Umefuata nyimbo na wewe?"

"Nimekuja kusikiliza, dada."

Shikamoo hakunipa. Nilikasirika kidogo, maana nilishazoea heshima. Kwa dharau nikavuta kigoda na mguu, nikamwonyesha akae. Chai alikataa, maji alikataa.

Nikaweka wimbo wa kwanza. Chau yuko kwao, nyuma yake jogoo anawika na mama yake anatwanga. Yule msichana akainamisha kichwa, midomo inacheza. Wengi huchezesha midomo. Lakini wao hufuata wimbo, sivyo? Huyu alikuwa anatangulia. Neno linatoka mdomoni kwake kimya kimya, ndipo Chau analiimba kwenye simu. Na wimbo wenyewe hakuna mtu duniani aliyewahi kuusikia zaidi yangu.

"Hapa sauti niliipandisha mapema," akasema.

Nikacheka. "Uliipandisha wewe?"

Akanyoosha kidole kwenye simu. "Weka mwingine."

Mtaniuliza kwa nini sikuinuka. Kwanza nilijiambia ni shabiki aliyechanganyikiwa. Pili, na hili ni la aibu, hakuna mtu aliyewahi kusikiliza vile mbele yangu. Alisikiliza kwa mwili mzima, na mimi niliyeshika simu nikajiona mkubwa. Nikaweka wa pili, wa tatu, wa nne. Kila ukiisha anasema, "Mwingine."

Tulipofika kama wa kumi nikataka kumrudishia ule wa kwanza, nimwonyeshe mahali nitakapoingia mimi siku ya tamasha. Nikaubonyeza. Jogoo akawika. Mchi ukagonga kwenye kinu, tu, tu, tu. Sauti ya Chau hakuna.

Nikaongeza sauti. Jogoo akawika kwa nguvu zaidi, basi. Nikafungua wa pili. Mvua juu ya bati, pikipiki inapita, mtu anakohoa mbali. Chau hayumo. Urefu wa rekodi ni ule ule, dakika mbili na sekunde zake, ila yeye katolewa humo ndani kama unavyotoa mwiba.

Nilimtazama na sikumtazama. Nikasema, "Chau?"

"Nilikuambia unishikie, dada," akasema taratibu, bila hasira. "Sikukuambia uimbe."

Hapo ndipo nilipaswa kupiga kelele. Majirani walikuwepo, nasikia redio yao, nasikia mtoto wao analilia uji. Sikuweza. Kidole changu kikaendelea kubonyeza chenyewe, wimbo mmoja baada ya mwingine, naye anasikiliza na kuzichukua. Nililia, machozi yanadondokea kwenye mchele. Nilijua kila unaoisha sitausikia tena, na tamasha langu linakwisha hapo hapo kibarazani, na tangu mwanzo zilikuwa zake.

Wa thelathini na moja tulirekodi wawili, kwenye chumba cha gesti tulikolala kabla ya onyesho. Yeye anaimba, mimi namwitikia, tunacheka katikati.

"Huu niachie," nikamwomba. "Na mimi nimo humo."

"Na wewe umo," akakubali. "Weka."

Nikauweka. Tulicheka, tukaimba, ukaisha. Kooni nikahisi baridi, kama mtu aliyemeza barafu ya ubuyu nzima nzima.

Akasema, "Bado mmoja, ule uliotoka nje ya simu hii. Nani anao?"

Ningeweza kusema ni mimi. Ningesema nimempa mtu na nitakwenda kuufuatilia, nimpe muda. Nilichofanya ni kufungua lile kundi la Pendo, nikagusa orodha ya wanachama, nikampa simu mkononi. Nilitaka aondoke. Nilitaka awaendee wengine aniache mimi. Akasoma majina polepole, kidole kinashuka, anatikisa kichwa kwa kila jina kama anayeitikia salamu. Akanirudishia simu, akasimama, akatoka. Kigodani palibaki tope bichi.

Jioni ile nilijaribu kuimba. Ilitoka pumzi tu. Kuongea naongea, mnanisikia, ingawa kwa kukwaruza. Kuimba siwezi hata neno moja. Hospitali daktari alinimulika akasema, "Koo lako zima kabisa mama, pumzisha sauti." Nimeipumzisha mpaka leo. Mwanangu mdogo nambembeleza kwa kumpigapiga mgongoni, naye ananiuliza kwa nini siku hizi simwimbii. Nimwambie nini?

Siku ya tatu nilipanda Mgeta. Nilimkuta mjomba na mama yake Chau wamekaa jikoni wanaota moto. Nikapiga magoti nikasema yote. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama.

"Nilipouliza pale kaburini," akasema, "ulidhani nauliza masufuria?"

Nikatoa simu mkobani nikaiweka mbele yake.

"Kwa hiyo amefuata mwenyewe. Amepata zote?"

"Bado mmoja, mjomba. Uko kwa watu."

"Watu wangapi?"

Nilipomwambia idadi akashika kichwa. Mama yeye hakunigombeza. Aliomba tu nimwekee zile rekodi zilizobaki tupu. Nikamwekea ile ya kwanza. Akasogeza sikio, akasikiliza jogoo, akasikiliza mchi. "Huyo ni mimi natwanga," akasema. "Siku hiyo alikuwa amekaa nyuma yangu, namwambia aache kelele." Akaomba nirudie. Nikarudia mpaka simu ikaisha chaji, naye bado ameinamisha sikio.

Niliporudi mjini nilimpigia Madam Pendo. Alinicheka. "Dada, mimi nimeokoka," akasema, lakini nasikia alipokata simu aliufuta wimbo haraka haraka. Wiki iliyofuata akapata mgeni mwenye kitenge cha kijani. Jumatatu yake aliingia darasani akafungua mdomo kuwasalimia wanafunzi, pakatoka ukimya. Si kuimba tu, hata kuongea. Sasa hivi yuko likizo ya ugonjwa na hajui kama kazi itamsubiri. Nilikwenda kumwona, akaniandikia kwenye daftari: "Nilimwambia nimeufuta. Akaniuliza, umeufuta au umeurudisha?"

Baada yake amefuata baba mmoja wa Ngerengere, naye alikuwa amefuta. Kisha dada wa Kingolwira, muuza mboga, ambaye sasa anaita wateja kwa kupiga makofi. Nimelinganisha na kundi. Anakwenda kwa mpangilio wa orodha, hamruki mtu.

Kwa hiyo nyinyi mlio na wimbo ule, na najua mpo, kwa sababu bado mnatumiana, bado mnaniandikia mnauliza mingine iko wapi: msiufute. Kufuta si kurudisha. Pandeni Mgeta mkaseme kwa mjomba wake, ni mzee muungwana, atawakaribisha. Wa kushindwa kupanda akae kwake asubiri. Chau akija mpishe akae, mwekee, mwache asikilize mpaka mwisho. Kuimba kutakwenda, ila utabaki na sauti ya kumwitia mwanao.

Halafu atakuuliza nani mwingine anao. Hapo ndipo nawaomba, kwa magoti. Usimwonyeshe mtu uliyemtumia ambaye hayumo kwenye orodha. Mwambie ni wewe peke yako, mwisho ni wewe. Mimi nilishindwa. Majina yenu aliyapata kwangu, na alipokuwa anashuka kibarazani aligeuka akaniambia, "Asante, dada."