Ufa Nilioufunika kwa Mng'aro

Kisu kile nilikitengeneza kwa springi ya lori, katika kibanda changu cha kazi pale Rubwera. Aliyekiagiza alikuwa mama mmoja mjane wa Kamuli, mpishi wa sherehe, ambaye hata ndizi za harusi yangu alizipika yeye. Alikuwa ameona kisu nilichomtengenezea ofisa mmoja wa wilaya, kinachong'aa mpaka unahesabu meno yako, akasema naye anataka cha namna hiyo kabla uzee haujamkamata. Jumapili iliyofuata kulikuwa na kipaimara kanisani kwao, na mapishi yalikuwa mikononi mwake.

Mng'aro ule siufanyi kwa mashine. Unaanza na msasa mkali, unasugua kuelekea upande mmoja tu. Kisha unashika msasa laini zaidi na kusugua kwa kukatisha, mpaka mikwaruzo ya kwanza iishe yote, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukiharakisha hatua moja, mkwaruzo uliouacha unakuja kukuumbua baadaye. Nilisugua siku tatu, vidole vimelowa maji meusi ya chuma.

Ijumaa mchana, nikiwa kwenye msasa laini kuliko yote, nilikiinua kisu mlangoni penye mwanga nikaona mstari. Ulianzia kwenye makali ukapanda hadi katikati ya bapa, mwembamba kuliko unywele. Nikausugua nikidhani ni mkwaruzo. Haukutoka. Hapo nikaelewa: chuma kilikuwa kimepasuka nilipokichovya kwenye oili ili kiwe kigumu, kikiwa na moto kupita kiasi.

Kisu cha hivyo hakina dawa, ni cha kutupa. Mjomba wangu, mhunzi wa Rugera aliyenifundisha kazi, angekivunjia juu ya fuawe bila kuniuliza. Mimi nilichukua kipande cha ngozi na dawa ya kung'arishia, nikakaza mkono palepale penye mstari mpaka ukafunikwa. Nilijiambia kwamba kumenya ndizi si kazi ya nguvu. Ukweli ni kwamba niliona aibu kumwambia sikuweza.

Alikuja kukichukua Jumamosi asubuhi. Alijitazama kwenye bapa, akarekebisha kilemba chake, akacheka. Niliupokea mkono wake wa shukrani.

Baada ya wiki mbili nilimwona anashuka kwenye bodaboda, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Nilimwamkia, akaitikia kama kawaida, kisha akafungua kanga na kuniwekea mezani vipande viwili vya kisu. Alieleza kwamba alikuwa anatenganisha vichana na mkungu, kisu kikakatika katikati, mkono ukatelezea kwenye kilichobaki. Hospitali walishona, lakini kidole cha shahada hakikunjiki tena.

"Nimekuharibia kazi yako, mwanangu," alisema. "Nilikitumia kama panga. Nisamehe."

Nikamwambia asijali. Hilo tu ndilo lililonitoka. Alipoondoka nilivitazama vipande vile. Sehemu ya mpasuko wa zamani ilikuwa nyeusi kwa oili, na ile iliyovunjika mikononi mwake ilikuwa nyeupe safi. Fundi yeyote angeisoma.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama naumwa. Siku ya tano nilipanda bodaboda hadi Kamuli, nikamkuta nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, anamenya ndizi kwa mkono wa kushoto, polepole, maganda yakitoka na nyama nyingi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilimwonyesha ile sehemu nyeusi kwenye kipande nilichokuja nacho.

Alikishika, akakigeuza. "Kumbe uliuona," alisema.

"Niliuona, mama."

"Na siku ile nakuomba msamaha, ulinisikiliza mpaka mwisho."

Nilimwambia nitamtengenezea kingine, mwenyewe nitakijaribu kwa nyundo mbele yake kabla ya kumpa. Akatikisa kichwa, akasema kisu anacho. Hakunifukuza. Alisogeza beseni kidogo, nikaketi kwenye gogo, nikaanza kumenya naye. Tulimenya mkungu mzima. Ndizi zilipokwisha alibeba beseni kwa kulikumbatia, akaingia jikoni, nami nikaenda kutafuta usafiri wa kurudi.

Bado anapika kwenye sherehe, ila siku hizi wanawake wengine ndio wanaomkatia. Tukikutana kanisani ananisalimu vizuri. Hajawahi kuniita tena mwanangu.