Nilivyoifukuza Bendi ya Mume Wangu Mlangoni

Msicheke kabla sijamaliza, maana nikiikumbuka siku ile najifunika kitenge usoni, mimi bibi mzima niliyezoea kugombeza wengine.

Marehemu mume wangu alikuwa mpiga ngoma wa Radi Bendi, ile ya muziki wa roki, magitaa yanalia kama trekta lililokwama kwenye tope (nilikuwa nawapikia ugali na mlenda, wanakula kimya, wakishiba kelele zinaanza upya). Mjukuu wangu Neema, sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilipokaribia, akasema zawadi hataki, anataka kitu kimoja tu, bendi ya babu yake impigie. Nikamwahidi. Nikaulizia, kumbe bendi bado ipo, inafanyia mazoezi Hombolo, nikatuma ujumbe waje.

Siku yenyewe, ukumbini Majengo, nikaona watu ambao hatukuwaalika wanajipenyeza kufuata pilau, nikachukua kigoda changu nikakaa mlangoni. Hicho kigoda ndicho kilichoniponza.

Wakaja vijana wanne na binti mmoja, nywele zimesimama, mabegi marefu mgongoni.

"Shikamoo bibi. Sisi ndio Radi Bendi."

"Marahaba. Radi Bendi naijua, nimeilisha kwa mikono hii. Nyie ni nani?"

"Bibi, wale wa zamani hawapo," akasema mmoja mwenye gitaa. "Mwimbaji wa kwanza aliokoka akaacha, wa pili akaenda Haneti kulima alizeti, wapiga gitaa wakagombana nani asikike zaidi, akaingia kaka yangu, naye alipooa mkewe akamkataza, ndiyo nikaja mimi."

"Kwa hiyo hakuna hata mmoja?"

"Jina lipo bibi, na nyimbo zipo."

"Jina hata mbuzi wangu naweza kumpa!"

Yule binti akasogea na vijiti mkononi. "Mimi ndiye mpiga ngoma." Hapo nikachafukwa. Nikamnyang'anya vijiti nikamwambia kiti cha mpiga ngoma ni cha mume wangu. Akapanda bodaboda akaondoka. Wenzake wakakaa juu ya mabegi yao.

Mara nasikia emsii ndani: "Na sasa, bendi ya babu! Bibi, tuletee!" Ukumbi mzima ukageukia mlangoni, wananiona nimekumbatia vijiti kama mtoto mchanga. Neema akaja mbio, gauni kalishika mkononi, machozi yanachimba mifereji kwenye poda.

"Bibi, umeifukuza bendi ya babu?"

Nikawaingiza upesi, wakaunga nyaya zao. Mpiga ngoma je, emsii akauliza. "Bibi kamtimua," akajibu yule mwenye gitaa. Watu wakaangua kicheko, na wifi yangu (hatuelewani tangu usichana) akapayuka, "Basi apige mwenyewe!"

Nikapanda jukwaani. Sisi wanawake wa Kigogo ngoma yetu ya muheme tumeipiga tangu wadogo, ngoma unaibana mapajani, unapiga kwa viganja. Basi nikang'oa ngoma ndogo ya ukumbini kwenye vyuma vyake, nikaibana, magitaa yakanguruma nami nikatwanga. Mwanzo wao wako mbele, mimi niko nyuma, kisha nikautambua wimbo, ni ule mume wangu aliokuwa akiujaribia kwenye masufuria yangu uani. Tukakutana. Kilemba kikadondoka, sikukiokota. Neema akavua viatu akacheza.

Katikati ya wimbo binti akarudi (hasira zake zilikuwa zimeishia kwenye mishikaki ya kona ya pili), akasimama kiuno kashika. Nikamnyooshea vijiti.

"Nisamehe mjukuu wangu. Kiti chako hiki."

"Kaa hapohapo bibi," akasema huku anacheka, "tupige wote."

Tangu hapo wananichukua kila wanapoalikwa kupiga. Juzi tulialikwa kwenye harusi nyingine, wenzangu wakapita, mimi nikasimamishwa na bibi mwenzangu aliyekaa mlangoni kwenye kigoda. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe, wapishi wanapita nyuma. Hapa ni bendi tu."

Mdomo nikaufungua nimgombeze, nikakiona kile kigoda, nikaufunga. Milango ya watu sitailinda tena mpaka nizikwe. Nikazunguka nyuma kimya, ngoma kwapani.