Malaria Iliyotangazwa Mstarini

Bernadina ni jirani yangu hapa Kwamndolwa, na siku hizi anauza vitumbua stendi ya Korogwe. Waliomjua juzi wanadhani ndiyo kazi yake tangu zamani. Alikuwa matroni wa shule moja ya bweni ya wasichana, ambayo siitaji, maana wenyewe wanalipenda jina la shule kuliko watoto waliomo.

Muhula uliopita msichana wa kidato cha tatu, Asnath, alijiua. Wanafunzi walijua kabla ya walimu. Asubuhi Mwalimu Matayo, mkuu wa shule, akasimama mstarini na tai yake, akatangaza kwamba mwenzao amefariki ghafla kwa malaria. Kisha akawaambia waingie darasani, kulikuwa na jaribio la hesabu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Matayo aliamua kuirefusha. Malaria ikishatangazwa lazima ipigwe vita, la sivyo wazazi watauliza. Basi wakaletwa wahudumu wa afya, wasichana wakatobolewa vidole mmoja mmoja, wakafyeka nyasi kuzunguka mabweni, wakagawiwa vyandarua vipya. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na malaria. Mkuu akasema hayo ndiyo matunda ya kuchukua hatua mapema.

Kwetu mwanafunzi akifariki, darasa lake huenda kuzika. Wasichana huimba, hubeba mashada, huosha vyombo vya waliokuja kuhani. Safari hii gari la shule halikutoka. Mzee Semboja, baba yake Asnath, alimzika bintiye huko milimani Lushoto na watu wachache, na matanga yakaanuliwa haraka, kwa aibu ambayo haikuwa yake.

Aliyebaki na mzigo ni Chausiku, mtoto wa Handeni, aliyekuwa akilala kitanda cha chini na Asnath cha juu. Kitanda kilitolewa bwenini kama kitu cha kuambukiza, naye akahamishiwa pembeni. Akaacha kula. Wenzake wakienda kucheza, yeye hujifungia ndani ya chandarua mchana kweupe. Bernadina aliona, akaingia ofisi ya mkuu.

"Mwalimu, Chausiku hali. Watoto hawa waambiwe ukweli, halafu apatikane mtu wa kukaa nao."

"Ukiwaambia utawafundisha," Matayo akajibu. "Leo mmoja, kesho wawili."

"Wameshajua, mwalimu. Wanachokosa ni mtu mzima wa kuongea naye."

"Mama Bernadina, kazi yako ni shuka na funguo."

Shuka na funguo! Aliponisimulia nilitamani niende nikamwambie Matayo maneno yasiyoandikika. Mtu amesomea ualimu, ana cheti ukutani, na mbele ya mtoto anayenyauka anaogopa neno.

Jioni ile Bernadina aliwakusanya wasichana bwenini walipomaliza kuanua nguo. Hakuzunguka.

"Wanangu, Asnath hakufa kwa malaria. Alijiua. Sijui alikuwa amebeba nini, na hakuna kati yenu aliyemuua. Mwenye kulia alie. Mwenye wazo kama hilo aje kwangu, hata akinikuta nakula."

Walilia. Walilia kilio walichonyimwa tangu siku ile ya mstarini, wakimtaja mwenzao kwa jina, wakikumbushana vichekesho vyake. Walipotawanyika, Chausiku alibaki amekaa palepale.

"Mama," akasema, "mimi nimekuwa nikiwaza kumfuata."

Bernadina hakumhubiria wala hakumkaripia. Alimkumbatia, akahamishia godoro lake karibu na la mtoto, akampigia simu mama yake Handeni. Mama alipofika, wakaenda wote hospitali, kwa muuguzi anayeshughulika na mambo ya akili na huzuni. Chausiku akapangiwa siku za kurudi. Taratibu akaanza kula, kwanza uji, baadaye hata ugali wa shule.

Malipo ya Bernadina yakawa kuitwa mbele ya bodi. Akaambiwa amevuruga utulivu na kuchafua jina la shule. Mkataba wake hautaendelea. Akaja matroni mwingine, na wasichana wakaonywa kwamba atakayeonekana akiongea na yule wa zamani ataadhibiwa. Inaniuma mpaka leo kwamba hakuna mzazi hata mmoja aliyepiga kelele.

Shule ilipofungwa, wasichana waliletwa stendi kupanda mabasi, matroni mpya akiwa mbele yao. Walipita karibu na karai la vitumbua wameinamisha macho. Bernadina naye akajifanya anachochea moto, asiwaponze.

Chausiku akatoka kwenye mstari, begi mgongoni, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Rudi upesi, watakuadhibu."

Matroni mpya alikuwa ameshaanza kumwita kwa sauti kali. Chausiku hakugeuka.

"Waache waniadhibu, mama," akasema. "Si bado nipo?"