Mlimau Haushukuriwi

Sosnovka ni kijiji cha wapasua mbao, kaskazini kabisa, mahali ambapo hata kiazi hufikiria mara mbili kabla ya kuota. Limau walilijua la dukani, la Mwaka Mpya, nalo lilikatwa vipande vyembamba hata ungeweza kumwona jirani upande wa pili. Ndiyo maana Yegor, fundi wa msumeno, alipoteremka kwenye treni mwezi wa Januari akiwa na sweta tupu, na koti lake la ngozi ya kondoo amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, watu wa stesheni walidhani amelewa.

Kiwanda kilikuwa kimemtuma Pavlovo kuchukua misumeno mipya. Pavlovo ni mji wa wahunzi, na baridi yake si ya kuchezewa, lakini kule milimau hukaa madirishani na kuzaa humo humo ndani, theluji ikiwa imerundikana nje ya kioo. Yegor alikuwa amelisikia hilo. Na nyumbani alikuwa na mke, Taisia, ambaye tangu walipomzika mtoto wao wa pekee, aliyezaliwa bila pumzi, alizungumza kwa kudonoa, neno leo, neno kesho. Vuli ile Taisia alikuwa ametazama nje, miti imebaki mifupa, akasema, "Laiti kungekuwa na kitu kibichi." Basi. Mume mwingine angelisahau kabla ya chai kupoa.

"Funga mlango, we mwendawazimu!" alifoka Kapitolina, mama yake Yegor, aliyekuwa akikanda unga. "Koti umemvika nani? Umeokota mbwa?"

"Ngoja kwanza, mama."

Akalifungua koti juu ya meza. Ndani mlikuwa na mti mdogo, umepandwa kwenye kopo la samaki, majani yake mazito na mabichi kabisa.

"Bibi aliyeniuzia kanihoji kuliko polisi," Yegor alisema, meno yakimgongana. "Dirisha lako linatazama wapi? Jiko liko mbali nalo? Nani atamwagilia? Nikamwambia, bibi, mimi nanunua mti, sijaja kuposa. Akasema, 'Kwangu mimi ni yale yale.'"

Taisia aligusa jani, akalisugua, akanusa vidole vyake. Damu ikampanda usoni, jambo ambalo Yegor hakuwa ameliona kwa muda mrefu. Akafungua kinywa.

"Yegor, asa—"

Kapitolina akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga. "Nyamaza! Mti haushukuriwi! Unataka ukauke? Ukiletewa mti unapokea, unafunga domo lako."

Kila mtu upande ule analijua hilo. Mti ukiushukuru, unanyauka. Taisia mwenyewe alilelewa nalo, ila furaha ilikuwa imemsahaulisha. Akalimeza lile neno likiwa nusu, na nadhani lilimkwama palepale.

Yegor alikohoa hadi theluji ilipoyeyuka, na kifua chake hakikurudi sawa tena. Mti nao ulishika. Ukahama kutoka kopo hadi ndoo, kutoka ndoo hadi pipa ambalo Yegor alilitengeneza kwa mkono wake. Taisia akaanza kusema na mti, asubuhi akiufuta majani kwa kitambaa, na aliyeanza na mti akaishia kusema na watu. Limau la kwanza lilipoiva alilikata yeye, akatumbukiza kipande kinene kwenye chai ya mumewe.

"Haya, bibie," Yegor alisema, "huna la kuniambia?"

"Sina. Kunywa chai."

"Hata kidogo tu?"

"Mti una masikio. Kunywa."

Wakacheka. Ukawa utani wao kila limau lilipokatwa. Kapitolina alifariki, akawaachia sheria yake. Taisia akaishika kuliko hata marehemu mwenyewe alivyotaka. Alijinyima kumshukuru Yegor kwa lolote lile, kwa buti alizomshonea, kwa kuni alizompasulia, kwa maana nani ajuaye mti utaelewa vipi? Alimpiga begani, akapita. Hapo, mimi nasema, alizidisha. Lakini mtu aliyekwisha kuzika hujifunza kuogopa.

Miaka ikaenda, kifua cha Yegor kikamlaza. Aliomba kitanda kisogezwe dirishani, chini ya matawi. "Mradi huyu hajadondosha majani," aliwaambia waliokuja kumjulia hali, "na mimi nipo." Wakacheka naye. Taisia hakucheka.

Adhuhuri moja ya Februari Yegor alimwita mkewe bila utani.

"Taisia, niambie kweli. Ule mti uliutaka? Au nilikuletea mzigo tu?"

"Swali gani hilo, jamani?"

"Sijawahi kukusikia ukisema."

"Unajua kwa nini sisemi."

"Najua. Nilikuwa nacheka tu siku zote. Ila sasa ningependa kusikia."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Taisia akainua macho, akaona majani yaliyomfunika mumewe kichwani, akawaza: nikisema, yakaanza kupukutika juu ya uso wake, si atajua zamu yake imefika? Nitakuwa nimemuua kwa kinywa changu. Akainama sikioni pake.

"Barafu ya mtoni ikivunjika, baridi ikapungua, nitakutoa nje, barazani. Huko nitakwambia yote. Humu ndani anasikia."

Yegor akaugeuzia mti jicho, akatabasamu. "Haya. Nitangoja."

Na Taisia alijiandaa kwelikweli. Alikitengeneza kiti chenye mguu mbovu, akatafuta blanketi zito, na alipokuwa akipasua kuni alijifunza maneno yake chini chini: kwamba uliivua nguo yako katika baridi ile; kwamba nilikuwa nimekufa nimesimama, nawe hukunisukuma; kwamba asante, asante, asante. Yegor alingoja kadiri alivyoweza. Alikata roho asubuhi, mkewe akiwa ameenda kuchota maji, na mto ulikuwa bado mgumu kama sakafu.

Walipotoka makaburini, na wanawake walipokwisha kula na kuondoka, Taisia alisimama mbele ya pipa, koti lake bado mwilini.

"Asante, Yegor," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia kwa nguvu. "Asante kwa mti! Asante kwa koti lako! Asante kwa kila kitu! Umesikia, we mti? Haya, kauka!"

Alitaka ukauke. Alitaka ufe, ajue kwamba alikuwa na haki ya kunyamaza. Maji hakuunyima, kwa kuwa hakutaka kiu isingiziwe. Uuawe na neno, au uishi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, aliinama kuangalia sakafu chini ya matawi. Palikuwa safi. Akaurudia usemi wake, safari hii kwa upole, pengine mti haukusikia vizuri. Sakafu ikabaki safi.

Kisha barafu ya mtoni ikavunjika kwa kishindo, kijiji kizima kikatoka kuitazama. Taisia hakutoka. Mlimau ulikuwa umechanua, maua meupe tawi hadi tawi, na harufu yake imejaa chumba hadi uvunguni. Haukuwa umewahi kuchanua vile.

Wahenga husema majuto ni mjukuu. Taisia hakujaliwa mtoto wa kulea, lakini mjukuu huyo alimpata. Aliketi kwenye kitanda kitupu, akashika mbao zake kwa mikono miwili, akalia kwa sauti ambayo majirani hawakujua anayo. Neno halikuwa na sumu. Angeweza kumwambia siku yoyote ile, naye angesikia.