Ugali Katikati, Mboga Kushoto

Prudence alikuwa mfuaji wa jezi katika chuo kimoja cha Etobicoke, jijini Toronto, na kwa miaka mitatu hakuwahi kuutazama mchezo wenyewe hata dakika moja. Aliujua kwa matope yake tu. Ulikuwa ule mpira wa Kanada, wa kuvaa kofia ngumu na kukumbatia kitu chenye umbo la yai. Kwa jinsi jezi zilivyorudi chafu mgongoni kuliko kifuani, mama huyu wa Uvira, Kongo, alishajua kwamba vijana wake walikuwa wakiangushwa chali.

Agosti mwaka 1996 akaja kocha mkuu mpya, Shamil Madatali, kijana wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Mwanza aliyeletwa Toronto akiwa na miaka mitano. Mechi ya kwanza akafungwa arobaini na nane kwa sifuri. Wapinzani walikuwa wameshazisoma ishara zake za mikono. Akijikuna pua tu, wanajua mpira unakwenda wapi.

Jumatatu yake alishuka chumba cha kufulia kumkimbia mkuu wa chuo. Akamkuta Prudence akiikemea mashine iliyogoma kufunguka.

"Fungua kinywa, wewe! Umemeza soksi za watu halafu unaninyamazia?"

Shamil akaganda mlangoni. Nyanya yake aliyemlea alikuwa akilikemea jiko namna hiyohiyo.

"Mama," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "mimi nasikia yote. Kusema, kidogo. Ya jikoni tu."

"Ya jikoni yanatosha kuishi," Prudence akamjibu. "Njoo tuuvute huu mlango."

Mlango ulipofunguka, kocha alikuwa ameshapata wazo. Prudence aliongoza kwaya kanisani kwao Weston, na sauti yake ilivuka mto Humber, au ndivyo majirani walivyolalamika. Angesimama kando ya uwanja, kocha amnong'oneze, yeye apaze kwa Kiswahili. Na kwa kuwa Kiswahili cha kocha hakikuwahi kutoka nje ya jiko, amri zote zikawa chakula. Ugali: wote wapite katikati. Mboga: mpira urushwe kushoto. Chumvi: upigwe mbali kwa mguu. Wiki nzima majitu ya kilo mia na ishirini yakakaa sakafuni, kati ya mashine, yakikariri "mboga".

Mechi ya pili ilipoanza, Prudence akagoma kutoa amri kavukavu. "Niwatume watu bila kuwasalimia? Mimi ni askari?"

Basi kila zamu ikaanza hivi: "Hamjambo, wanangu?"

"Hatujambo, mama!" walijibu, wameinama, vidole vyao vikigusa nyasi.

"Mmeamkaje?"

Timu hupewa sekunde ishirini tu kuanza. Refa akapuliza kipenga, akawarudisha yadi tano. Wakasalimiana upya, yadi tano nyingine. Hadi mapumziko walikuwa wamerudi nyuma yadi sitini kwa adabu peke yake.

Kocha akampigia magoti. "Mama, salamu moja. Ya siku yote."

"Na mapumziko je?"

"Na moja ya mapumziko."

Walipatana hivyo, na mechi mbili zilizofuata wakashinda. Jezi zikaanza kurudi na matope kifuani. Prudence akawa anazikunja akiimba.

Oktoba ikaja timu ya mji mwingine. Prudence akapaza "Mboga!", wapinzani wote wakakimbilia kushoto. Akapaza "Ugali!", wakajazana katikati kama wamealikwa. Kocha akashika kichwa. Hapo mlinzi mmoja wa kule, mrefu kama mlingoti, aliyezikariri amri hizo kwenye mechi zilizopita, akageuka akaita:

"Mama, leo nyama hakuna?"

Prudence akasahau yuko wapi. "We! Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Macharia, wa Nakuru!"

"Na umekonda hivyo! Umekula?"

"Tangu asubuhi bado, mama!"

Uchungu ukamshika mwanamke wa watu. Mtoto wa nyumbani, baridi hii, tumbo tupu, tena anagongana na majitu! "Basi Jumapili uje Weston," akapaza kwa sauti yake ya kwaya, "nikupikie ugali! Na mboga!"

Vijana wake walisikia amri mbili. Nusu wakaingia katikati, nusu wakakimbilia kushoto, na mrushaji, asijue amtii nani, akaurusha mpira juu huku amefumba macho. Wapinzani walimtazama Macharia awape tafsiri, lakini Macharia alikuwa amesimama wima, anangoja kuambiwa saa ngapi. Mpira ukatua mikononi mwa kijana aliyekuwa amepotea njia. Akatembea nao hadi mstari wa mwisho bila kuguswa.

Kocha wa kule alilalamika hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Refa akafunua kitabu cha sheria ukurasa kwa ukurasa. Hakukuta popote panapokataza kumkaribisha mtu chakula. Vijana wa Prudence wakashinda kwa pointi moja.

Msimu uliisha kwa ushindi mara tatu na vipigo vitano, jambo ambalo chuo hakikuwa kimeliona kwa miaka saba. Kisha ligi ikaandika barua: kuanzia mwakani, atakayepaza amri uwanjani awe kocha aliyesajiliwa. Shamil akamletea Prudence fomu kwenye chumba cha kufulia.

"Kocha msaidizi," alisoma polepole. "Na jezi atafua nani?"

"Wewe, mama."

"Basi sawa," akasema, akakausha mikono kwenye kanga, akatia sahihi.