Mbuzi Aliyechinjwa na Mtoto Mchanga

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi wakati ndugu yangu Liban alipochinja mbuzi akiwa na umri wa siku kumi na mbili. Hivyo ndivyo ukoo wetu unavyosimulia, kwenye harusi, siku za Idd, hata matangani, na watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Kwa sababu ya kisa hicho Liban ana jina la utani ambalo kwa Kiswahili ni Mchinjaji. Sasa ni mtu mzima, ana ofisi yake hapa Garissa, na hawezi kupasua tikiti maji bila kujikata kidole. Mimi nilikuwepo siku ile. Nimenyamaza miaka mingi, nimechoka, na sasa nitaeleza ilivyokuwa. Nitaeleza kwa Kiswahili kwa sababu abti yangu, yaani mjomba, hakisomi, na sitaki anisahihishe kabla sijamaliza.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Tulikuwa tumehamia porini upande wa Wajir, mbali na barabara. Baba alikuwa amekwenda Liboi kuuza ng'ombe waliobaki kabla hawajageuka mifupa. Kambini tulikuwa wachache: ayeyo, yaani nyanya yangu mzaa mama; hooyo, yaani mama yangu, aliyekuwa ndani ya kibanda na siku zake arubaini za uzazi; Liban; Abti Dubow; na mimi, Hibo. Maziwa ya hooyo yalikuwa hayatoki. Liban alilia mchana kutwa, na siku zilivyokwenda kilio chake kikawa chembamba. Ayeyo alimwambia abti zaidi ya mara moja kwamba mzazi anahitaji supu. Abti akasema mbuzi waliobaki ni wa mbegu, hachinjwi hata mmoja. Alisema hivyo akiwa ameshiba chai.

Niseme kuhusu kisu, maana kisu ndiyo kazi yangu. Leo nina duka sokoni, nauza visu, panga, kamba na mitungi, na kila wiki anaingia mwanamume ananiuliza mwenye duka yuko wapi. Kisha anachagua kisu kinachong'aa, chenye mpini wa plastiki na meno mgongoni, anakwenda nacho porini, na baada ya mwezi anarudi na vipande viwili kunilaumu mimi. Kisu cha porini hakikunjwi. Chuma chake kinaingia ndani ya mpini na kupita hadi mwisho, ukiugeuza mpini unakiona kimechungulia. Mgongo wake uwe mnene, ili ukikiweka juu ya kuni uweze kukigonga kwa gogo na kuni zikapasuka bila shoka. Kisiwe kirefu kupita kiganja. Kikiwa kirefu sana utachonga nacho nini? Na makali yake unayajua kwa mkono wako mwenyewe, si kwa maneno ya muuzaji, hata kama muuzaji ni mimi.

Hayo yote nilifundishwa na ayeyo. Kisu chake kilifuliwa na mhunzi mmoja wa Wajir kutokana na springi ya lori. Alichonga nacho vigingi, akachuna maganda ya migunga ya kusukia kamba, akakata ngozi, na kila asubuhi mimi ndiye niliyekinoa. Kwenye jiwe lenye maji kidogo, upande huu mara kumi, upande ule mara kumi, kisha nakipaka samli kidogo kisishike kutu. Nikikosa mara moja ananifinya sikio. Kazi zote za kisu zilikuwa za wanawake pale kwetu, isipokuwa moja. Kuchinja ilikuwa kazi ya wanaume.

Ayeyo alikuwa na maneno yake kuhusu hilo, na aliniambia tangu sijajua kuhesabu. "Msichana akichinja, zizi linafunga tumbo." Maana yake mbuzi wenye mimba wataziharibu zote, na kosa litakuwa la mkono ule. Nilimwamini kama nilivyoamini kwamba jua linachoma.

Liban alipozaliwa, kile kisu kikawekwa chini ya mto wake. Majini hawapendi chuma, na kwa siku arubaini kisu hakitakiwi kutoka pale mtoto alipo, la sivyo wanambadilisha na wa kwao. Nilikuwa nakinoa hapo hapo kando ya kitanda cha hooyo.

Siku ya kumi na mbili Abti Dubow alikwenda kisimani na punda, pamoja na wanaume wa kambi ya jirani, na alibeba kisu chake cha kukunja chenye mpini mwekundu alichojivunia sana. Adhuhuri nikasikia mbuzi anakoroma. Alikuwa dume letu jekundu. Alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma kutafuta majani kwenye mgunga, akateleza, na shingo ikanasa kwenye panda ya matawi. Nilimwinua kwa bega nikamtoa, akaanguka, mguu mmoja ukiwa umevunjika na ulimi nje. Alikuwa anapumua, lakini hata mtoto angeona kwamba hatainuka tena.

Mbuzi akichinjwa akiwa bado na uhai, ni nyama halali. Akikata roho mwenyewe ni mzoga, na mzoga tunamwachia fisi. Supu ya mama yangu ilikuwa imelala pale mchangani inakoroma, na hapakuwa na mwanamume.

"Nimchinje, ayeyo?" nikauliza.

"Naa, wewe msichana, funga mdomo. Kimbia kambi ya jirani, ulete mwanamume yeyote."

Nikakimbia. Viatu nilikuwa sina na mchanga ulikuwa moto. Kule nikakuta wanawake tu, wanaume wote wako kisimani. Nikarudi mbio nikilia, si kwa huzuni, kwa hasira. Nilikuwa najua kunoa kile kisu, najua kinakata vipi na kwa pembe gani, na natumwa jua kali kutafuta mtu yeyote ilimradi ana ndevu.

Niliporudi ayeyo alikuwa amemburuta yule mbuzi mpaka mlangoni mwa kibanda. Sijui mwanamke wa umri ule alipata wapi nguvu. Mbuzi bado alikuwa anapumua, kwa vipindi virefu. Hooyo alikuwa ameketi ndani ya kizingiti na Liban mapajani, na kisu kilikuwa juu ya kitambaa cha mtoto.

"Mwanamume yupo," akasema ayeyo.

Akachukua ngumi ya Liban, ngumi yenye ukubwa wa tende, akaibandika kwenye mwisho wa mpini. Kisha akachukua mkono wangu wa kulia akaufunga juu ya mpini, mbele ya ile ngumi. "Yeye anachinja," akaniambia. "Wewe unamsaidia kubeba. Kisu hakijatoka kwa mtoto, mtoto hajatoka ndani, na mkono ni wa mwanamume. Sema bismillahi."

Tulimwelekeza kibla. Ayeyo akashika miguu. Nikasema bismillahi na Allahu akbar. Sikumtazama mtoto, nilitazama shingo. Nilivuta mara moja kwenda na mara moja kurudi, na kisu kikafanya kazi yake. Ile ngumi ilibaki nyuma hewani mara tu nilipovuta. Kila mtu aliyekuwepo aliliona hilo, na kila mtu aliyekuwepo alikuwa mwanamke.

Jioni Abti Dubow akarudi na maji, akakuta sufuria motoni. Akauliza nani amechinja, na sauti yake ilikuwa tayari kukataa.

"Mwanamume wa nyumba hii," ayeyo akajibu, akamnyooshea kidole Liban.

Abti akacheka mpaka akakaa chini, wala hakuuliza ni nani aliyemshikia mtoto kisu. Akaita majirani waje waone. Pale kwetu anayechinja hupewa maini, basi abti akakata kipande cha ini, akakipitisha kwenye midomo ya mtoto, na ini lililobaki akalila yeye mwenyewe kwa niaba yake. Mimi nilipewa utumbo niusafishe.

Haya, hooyo alikunywa supu. Siku ya tatu maziwa yakaanza kutoka, Liban akanyonya na kilio kikanenepa tena. Nilifurahi, sitasema uongo. Ningekuwa nimesahau yote kama mambo yangeishia hapo.

Hayakuishia hapo. Kabla ya mwezi kwisha, mbuzi wawili wakaharibu mimba, mmoja asubuhi na mwingine jioni ya siku ya pili yake. Abti akalaani ukame. Ayeyo alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole midomoni.

Nataka mtu mzima anayesoma hapa afikirie hilo jambo vizuri. Sifa ya yule mbuzi alipewa mtoto asiyejua hata jina lake. Laana nikapewa mimi, kwa siri, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikaacha kupita karibu na mbuzi wenye mimba. Shangazi yangu alipokuwa mjamzito nilikataa kukaa naye kwenye mkeka mmoja, wakanipiga kwa utovu wa adabu. Nikakua, nikaolewa, tukahamia mjini. Nilipopoteza mimba yangu ya kwanza, nikiwa nimelala hospitalini, jambo la kwanza lililonijia halikuwa mtoto wala mume wangu. Niliutazama mkono wangu wa kulia.

Nilikuja kujua ukweli dukani kwangu, kijinga tu. Aliingia mama mmoja afisa wa mifugo, mtu wa bara, anatafuta kisu cha kazi. Tukazungumza kuhusu ukame, akasema mbuzi wanaharibu mimba kila mahali. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, mbona wanaharibu.

"Njaa, mama," akasema. "Mwili hauna cha kumlisha mtoto, unamwachia. Na kuna magonjwa pia. Kwani nyinyi mnasema ni nini?"

Nilimpunguzia bei ya kisu na nikafunga duka mapema. Njiani nikampitia ustadhi anayemfundisha binti yangu Kurani, nikamuuliza kama nyama aliyochinja mwanamke ni halali. Akashangaa nauliza nini. Halali, akasema, na imekuwa halali siku zote, kila mtu anajua. Kila mtu anajua. Niliondoka pale bila kuaga, maana kama kila mtu alijua, basi mimi nilikimbizwa juani kwa sababu gani?

Ayeyo wakati huo alikuwa hai bado, kwa hooyo, mzee sana, hatoki kwenye mkeka. Nilimkalia karibu nikamuuliza waziwazi kama aliwahi kuamini kwamba zizi linafunga tumbo.

"Hapana," akasema. "Mimi nilichinja nikiwa mdogo kuliko wewe siku ile. Mama yangu aliweka mkono wa kaka yangu juu. Hakuna kilichofungwa."

"Basi kwa nini uliniacha niamini?"

"Dubow angejua asingekula. Tena angeimwaga sufuria yote, na mama yako angekosa supu." Akajigeuza kunielekea. "Wewe ulikuwa mtoto wa maneno mengi, Hibo. Mbuzi walipoharibu mimba, nikaona Mungu amenisaidia. Mtoto mwenye hofu hasemi."

Alisema hivyo bila haya na bila ubaya, kama anayenifundisha kunoa. Miezi michache baadaye akafariki. Nilimlilia sana, na niliuosha mwili wake kwa mkono huu huu. Nilimpenda. Hasira yangu kwake haikupungua hata kidogo, na sijui watu wanatoa wapi wazo kwamba kimoja lazima kikitoe kingine.

Idd iliyopita tulikuwa kwa Liban. Sinia limejaa, watoto wamejaa, na Abti Dubow, ndevu zake sasa nyekundu kwa hina, akaanza tena. Siku kumi na mbili, ngumi kama tende, walahi nilimkuta bado ameshika kisu. Kila mwaka anaongeza kitu. Binti yangu wa miaka kumi alikuwa anasikiliza mdomo wazi, kisha akamuuliza mjomba wake Liban kama kweli wanaume wanazaliwa wakijua.

"Ni mimi niliyechinja," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya kawaida. Nikaeleza yote, mbuzi mlangoni, kidole cha ayeyo midomoni, hata ile hospitali. Abti akaweka chini tonge lake, akaitazama mikono yangu, akasema nimezoea kutafuta ugomvi na kwamba ayeyo hakuwa mwongo. Liban alikuwa ameinamisha kichwa.

Hooyo alikuwa ameketi pembeni na kikombe chake cha chai. Miaka yote hii amekisikia kile kisa na hajawahi kufungua mdomo, na nimemkasirikia yeye kuliko wote, kwa sababu supu ilikuwa yake. Nilimgeukia. Sikumwomba kitu, nilimtazama tu kama ayeyo alivyonitazama mimi.

Akaweka kikombe chini taratibu.

"Mtoto alikuwa amelala," akasema hooyo. "Hata hakuamka."